Ukurasa Niliomfunulia Tabitha

Verna Stauffer aliwafundisha watoto wanne kusoma kwenye meza moja ya jikoni, na meza hiyo sote tuliijua. Mguu wake mmoja ulikuwa umewekewa kipande cha kadibodi ili isicheze, na ukutani juu yake ilining'inia saa ndogo ya kupikia yenye umbo la kuku. Kuku huyo akizungushwa mpaka dakika ishirini, mtoto wa Verna hanyanyui kichwa mpaka kuku alie. Mtoto wa kwanza alisoma akiwa na miaka minne na nusu. Wa pili, mitano. Mapacha walianza pamoja, wakashindana, na kabla hawajatimiza sita walikuwa wakimsomea baba yao gazeti la wakulima huku yeye akinywa kahawa kabla ya kwenda kuendesha lori la maziwa.

Nayajua hayo kwa sababu Verna alituambia. Alituambia mara nyingi.

Sisi ni akina mama tisa wa bonde la Tuckers Run, huku Pennsylvania, na watoto wetu hatuwapeleki shule. Tunawasomesha nyumbani, kila mmoja kwa sababu zake, na kila Alhamisi tunakutana katika ukumbi wa chini wa kanisa ili wafanye pamoja yale yasiyonoga mtoto akiwa peke yake: kuimba, kupasua chura, kucheza mpira. Alhamisi hizo alizianzisha Verna. Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao yeye. Mama mgeni akihamia bondeni, mchungaji humpa namba ya simu ya Verna kabla hajamwambia ibada inaanza saa ngapi. Na ukimpigia asubuhi kumwambia kwamba mtoto amefika somo la arobaini la kitabu cha kusoma na amegoma, anakuja na unga ungali mikononi, anavuta kiti, anakaa na mtoto wako. Mwanangu Wade alipozaliwa kabla ya siku zake, Verna alinipikia wiki tatu nzima. Naliweka hilo mbele kwa sababu nitakayoyasema baadaye hayanipendezi, na sitaki mtu afikiri nasimulia habari za mwanamke mbaya.

Ila ulimi alikuwa nao. Shule ya serikali aliiita ghala. "Wanawapokea mlangoni, wanawabandika karatasi mgongoni, wanawapanga kwenye rafu," alikuwa akisema, na mwalimu yeyote aliyewahi kula mshahara wa serikali alikuwa kwake mlinzi wa ghala. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ndani ya ghala hilo nilisoma miaka kumi na miwili na sikumbuki siku niliyotoka nikiwa nimefurahi.

Wade alipofika miaka saba na nusu, nikaacha kucheka. Neno alilolisoma mstari wa kwanza, akilikuta mstari wa tatu alilitazama kama hawajawahi kuonana. Nikivuta kiti tu, tumbo linamuuma. Nilijaribu kumbembeleza, nikajaribu kumpa zawadi, halafu siku moja nikampigia kelele mpaka mbwa akakimbilia chini ya meza. Alhamisi iliyofuata, tukiwa katika jiko la ukumbi na vikombe vya kahawa mkononi, nikamweleza Verna.

"Jolene, mwenzangu," akasema, "nikuulize bila kuficha. Unakaa naye kweli, au unakaa naye huku unakunja nguo?"

"Nakaa naye, dada Verna."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Ehee!" Akageuka kwa wenzetu. "Mmesikia? Hiyo 'karibu' ndiyo inayomla mtoto."

"Nilikuwa nafikiri labda apimwe. Kuna watoto ambao herufi zina..."

"Apimwe nini? Unataka wambandike karatasi? Mimi nimefundisha wanne, na wa tano yuko mezani. Sijaona mtoto asiyeweza kusoma. Nimeona mama asiyeweza kukaa."

Wanawake watano walikuwa pale, na wote wakatazama ndani ya vikombe vyao. Nikamaliza kahawa yangu, nikaosha kikombe, nikaenda kulia ndani ya gari mbele ya posta.

Aliyenipa jina la Bi Oberholt ni muuzaji wa duka la chakula cha mifugo, ambaye mjukuu wake alikuwa na shida hiyo hiyo. Bi Oberholt alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Alifundisha katika shule ya wilaya miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa hao hao, watoto ambao herufi zinawakimbia. Mlinzi wa ghala halisi. Nyumba yake inatazamana na duka hilo, ng'ambo ya barabara, maili tatu kutoka kwa Verna.

Siku ya kwanza hakunisemesha mimi hata kidogo. Alimwekea Wade sinia lenye unga wa mahindi, akamwambia aandike herufi kwa kidole huku akiitamka, aifute, aiandike tena. Halafu akamfundisha kulipigapiga neno kwenye mkono wake, sauti moja kidole kimoja. Hakuna aliyepandisha sauti. Tulipotoka, Wade alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Mama," akasema, "yule bibi hana kuku ukutani."

Kwa hiyo tukawa tunakwenda kila Jumanne. Na kwa kuwa barabara ile ndiyo anayoipita Verna akienda mjini, gari nililificha nyuma ya duka, kwenye mapipa na magunia. Mwanamke mzima, nina leseni na bima, nanyata kuvuka barabara na mtoto mkononi kama mwizi wa mayai. Wiki ya tatu nikakuta gari jingine kule nyuma. Ndani yake alikuwa Dottie Haas, mmoja wa wale watano wa vikombe, amejifunika gazeti usoni.

"Dottie?"

"Simo," akasema chini ya gazeti.

Tulicheka mpaka tukatoa machozi. Binti yake naye alikuwa hivyo hivyo, naye alishaambiwa kuhusu kukaa. Kufika majira ya baridi tulikuwa magari manne nyuma ya magunia, na tulikuwa tumekubaliana: Verna asijue. Watoto tuliwafundisha kusema kwamba Jumanne tunakwenda kununua chakula cha kuku.

"Lakini mama, sisi hatuna kuku," Wade akasema.

Wiki ile nikanunua kuku sita. Wapo mpaka leo, na mayai yao sijawahi kuyala kwa raha.

Mwaka ukapita, ukaanza wa pili. Wade hakuamka siku moja akiwa msomaji. Alikwenda mdogo mdogo, akipigapiga vidole pajani, lakini tumbo liliacha kumuuma, na siku moja akasoma ubao wa duka la vifaa vya magari tukiwa kwenye taa nyekundu, nikapigiwa honi na watu watatu kwa kusahau kuondoka.

Sasa naifikia Februari.

Mama yake Verna alianguka kwenye barafu, akavunjika nyonga. Verna alipokwenda hospitali, alimwacha kwangu yule wa tano wake, Tabitha. Alikuwa na miaka minane na miezi miwili, mtoto mtulivu, nywele zilizosukwa mikia miwili, anayesema asante hata kwa glasi ya maji. Wade alikuwa bandani na baba yake. Nikamwambia Tabitha tuoke biskuti za molasi za marehemu mama yangu.

"Hebu nisomee hiyo kadi ya mapishi," nikamwambia. "Mikono yangu ina siagi."

Akaichukua. Akaishika vizuri, akakaa wima, akasoma kwa sauti safi: "Unga vikombe viwili. Sukari kikombe kimoja. Mayai mawili."

Kadi ya mama yangu inaanza na molasi. Mayai hayamo kabisa, maana mama alioka biskuti hizo miaka ambayo mayai yalikuwa ya kuuza. Alichosoma Tabitha kilikuwa biskuti za nyumbani kwao.

Nikajifuta siagi mikononi. Halafu nikamwambia, "Hebu huo mstari wa juu tena, mpenzi." Akanitazama. Akaiweka kadi mezani, uso wake chini, akainyoosha kwa kiganja.

"Usimwambie mama, Bi Jolene."

"Mama hajui?"

"Anajua," akasema. "Usimwambie kwamba wewe unajua."

Nikamwambia sitamwambia.

Na sasa nitasema nilichohisi, maana nisipokisema hakuna haja ya kusimulia haya. Nilifurahi. Kabla ya huruma, kabla ya chochote, nilifurahi. Nilisimama na bakuli langu, nikavikumbuka vile vikombe vya kahawa na ile "Ehee!" Verna Stauffer, mama wa kukaa! Huruma ilikuja baadaye, na ilikuta mahali pameshakaliwa. Mbele yangu alikuwepo mtoto anayebana midomo asilie, na mimi nilikuwa nachanganya unga kwa furaha.

Nilijua la kufanya. Jumanne ilikuwa keshokutwa. Ningeweza kumpigia Verna nikamwambia, njoo, kuna mtu, mimi mwenyewe naenda. Bi Oberholt alishatueleza kwamba mtoto wa namna hii ukimchelewesha hakai tu pale ulipomwacha, anazidi kujiona mjinga, na hilo ndilo gumu kulitoa kuliko herufi. Nilijua. Nikajiambia nimempa mtoto ahadi, na ahadi ni ahadi. Nikajivisha ahadi hiyo mpaka Mei.

Tena ahadi yenyewe ilikuwa ya namna gani? Jumanne ile ile, kabla sijafunga mlango wa gari, nilikuwa nimeshamwambia Dottie. Dottie akawaambia wale wawili wengine. Baada ya hapo, Alhamisi zikawa na utamu mpya ambao sasa nikiukumbuka naona haya usoni hata nikiwa peke yangu. Watoto wakianza kusoma kwa zamu, Verna anasema, "Tabitha leo sauti imekauka," na sisi wanne tunatazamana. Dottie ananong'ona, "Miezi mitatu sasa imekauka." Nami nacheka puani.

Verna alikuwa anakonda. Tuliona. Alichelewa kufungua ukumbi mara mbili, yeye asiyewahi kuchelewa hata dakika. Baadaye alinieleza mwenyewe jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani. Kuku wa ukutani alitoka dakika ishirini akafika arobaini, akafika saa nzima. Halafu siku moja Tabitha alimwuliza, "Mama, wewe unakaa vizuri, au mimi ndiye sikai?" Verna akaingia stoo ya vyakula, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo ya unga. Baada ya siku hiyo hakumfungulia tena kitabu. Alimfundisha kwa masikio tu, historia, hesabu za kichwa, mashairi, kwa kuwa hakuweza tena kuutazama ule uso juu ya ukurasa. Angekwenda kwa nani? Kila mlango wa kuulizia alishausema vibaya mbele yetu.

Mei tuna Jumamosi ya Kusoma. Mababu na mabibi wanakuja, meza zinajaa nyama ya nguruwe, saladi ya viazi na pai, na kila mtoto anapanda jukwaani kusoma ukurasa mmoja. Sasa, miaka sita nyuma kuna mama aliyemkaririsha mwanawe ukurasa wake. Verna alipogundua, akatunga sheria. Mtoto akimaliza, mtu anakichukua kitabu na kumfunulia ukurasa mwingine wowote, naye anausoma mistari miwili. Jina la huyo mfungua kitabu linachotwa kwenye kikapu siku ile ile. "Ili tusidanganyane," Verna alisema, na sote tukaona ni haki.

Mke wa mchungaji akatia mkono kikapuni, akasoma kikaratasi. "Jolene Kressler."

Nikamwona Verna akinitazama. Hakujua kwamba najua. Alinitabasamia tu, tabasamu la mtu anayeomba kitu na hawezi kukitaja. Mstari wa mbele alikaa mama yake, katoka hospitali na mkongojo, amekuja kumsikia mjukuu wa mwisho. Ndiyo maana Tabitha hakuugua koo siku ile.

Wade alisoma kabla yake. Mama hamfungulii mwanawe, kwa hiyo ukurasa wa pili alifunuliwa na mke wa mchungaji. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, mkono mwingine unapiga paja. Mistari miwili ilimchukua dakika nzima. Alikosea neno moja, akasimama, akalirudia mwenyewe, akalipata. Nililia bila kujali nani ananiona.

Verna ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Akasimama kabisa. "Umeona, Jolene?" akaniita mbele za watu, na naamini alikuwa ananifurahia kwa moyo wake wote. "Si nilikwambia? Ni kukaa tu!"

Na aliyefuata akawa Tabitha.

Alisoma ukurasa wa dubu. Kitabu kilikuwa cha wanyama wa porini, chembamba, chenye picha. Alikuwa na sauti nzuri, akapumzika palipo na nukta, hata macho aliyatembeza kushoto kwenda kulia kama alivyofundishwa. Mabibi wakavuta pumzi. Alipomaliza akakileta kitabu kwangu kwa mikono miwili, akanipa.

Kitabu kilichofunguliwa mara mia mahali pamoja hujifungua chenyewe mahali hapo. Kilipotua kiganjani mwangu, kikajifungua kwenye dubu. Sikuhitaji kufanya kitu. Ningekirudisha vile vile, angesoma mistari miwili ya dubu, na ukumbini hakuna ambaye angetaka kujua ni ukurasa gani. Baadaye, nyumbani, ningempigia Verna nikamwambia ukweli wote, wake na wetu. Nilikuwa na nafasi ya kuyafikiria yote hayo. Watu wakiniuliza husema lilikuwa jambo la ghafla. Halikuwa la ghafla.

Nikafunua. Ukurasa mmoja tu. Kulikuwa na picha ya mbweha.

Tabitha akautazama ukurasa. Halafu akanitazama mimi, na hakukasirika, alionekana tu kama mtu anayejiuliza kama ameona vizuri. Kisha akakaa wima, akaanza. Akaanza ukurasa wa dubu, toka mwanzo. Sauti ile ile, nukta zile zile.

"Huo si ameshausoma?" bibi yake akauliza mbele pale, kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia vizuri. Kijana mmoja nyuma akacheka, akapigwa kiwiko. Tabitha hakusimama. Aliusoma mpaka mwisho, mpaka dubu akalala pangoni mwake, akafunga kitabu.

Nilidhani Verna atasingizia koo tena. Alipanda jukwaani na aproni yake, akasimama kando ya mtoto.

"Hajui kusoma," akasema. "Ana miaka minane. Nimemfundisha miaka mitatu na nusu na hajui. Ukurasa ameukariri kwa sababu mimi nilimwambia aukariri. Sheria niliitunga mimi, kwa hiyo msimtazame yeye. Nitazameni mimi."

Tukamtazama. Hakujua ashuke vipi. Alisimama pale na mkono wa mtoto mkononi mpaka mumewe Glenn akatoka nyuma ya ukumbi, kofia kifuani, akawafuata.

Chakula kililiwa haraka. Verna akaingia jikoni kuosha vyombo, na hakuna aliyetaka kuingia. Dottie alinisukuma. "Wewe nenda. Wewe ndiye uliyefunua." Nikaingia, nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha sahani. Tukaosha kama sahani kumi.

"Jolene," akasema bila kugeuka, "Wade ulikaa naye vipi?"

"Dada Verna..."

"Sikudhihaki. Nakuuliza nijue. Dakika ngapi? Asubuhi au baada ya chakula? Niambie na mimi nifanye hivyo hivyo."

Afadhali angenichapa kibao. Nikamwambia. Nilianza na Bi Oberholt.

"Yule wa shule?"

"Wa shule."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Oktoba."

Akasuuza sahani, akanipa. "Na nani mwingine?"

Nikawataja. Dottie, na Lorene, na mke wa Harvey. Nikamwambia na habari ya magari nyuma ya magunia. Nikamwambia hata ya kuku sita, na midomo yake ikacheza kidogo, kama angecheka siku nyingine.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuogopa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. "Na ya Tabitha? Mliijua?"

Ningeweza kudanganya. Nilimtazama mgongo wake na fundo la aproni. "Tangu Februari," nikasema. "Ile siku uliyomwacha kwangu."

Akaitoa mikono majini. Akahesabu kwa vidole vyenye povu, midomo inatembea bila sauti, akarudia tena kuhakikisha.

"Jumanne kumi na nne," akasema.

Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo, ya vikombe na ya kukaa. Aligeukia beseni tena, akaosha sufuria ambayo ilishakuwa safi.

Jumanne iliyofuata nilifika na Wade saa yetu. Nikakata kona kuingia nyuma ya duka kwa mazoea, nikaegesha kwenye magunia. Magari ya wenzangu yalikuwepo. Tukatembea kuzunguka duka, na tulipotokea barabarani nikaliona gari la Verna. Lilikuwa limeegeshwa mbele kabisa ya nyumba ya Bi Oberholt, kando ya barabara, mahali ambapo kila anayekwenda mjini atalipita. Verna alikuwa mlangoni na Bi Oberholt. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akiitikia anachoambiwa, kama mama mgeni aliyehamia jana bondeni.

Tabitha alikuwa amekaa kwenye ngazi, akingoja zamu. Alipomwona Wade akasogea kumpisha apite, na Wade akapita akaingia. Mimi nikabaki chini ya ngazi.

"Hujambo, Tabitha."

"Sijambo, Bi Jolene. Asante." Akazivuta soksi zake, ya kushoto, kisha ya kulia. "Ulisema hutamwambia."

"Sikumwambia, mpenzi."

"Ulifunua," akasema.

Nilikuwa na maneno. Siku zote nina maneno. Nilifungua kinywa nikamwambia kwamba imekuwa heri, kwamba sasa ataweza kusoma, na nilipokuwa bado nasema nikaona kwamba ananisikiliza kwa adabu, jinsi anavyosikiliza watu wazima wote, na haniamini hata neno moja.

Nikavuka barabara, nikarudi nyuma ya magunia, nikawasha gari. Nikalileta mbele, nikaliegesha barabarani nyuma ya la Verna. Nilipozima na kuinua macho, ngazi ilikuwa tupu. Tabitha alikuwa ameshaingia ndani.